Matanga ya Mto kwa Gaudensia

Matilda jirani anasema mto ulikufa Jumanne, wakati wa chai ya saa nne, na kwamba aliyemhadithia alikuwepo. Anasema kuna mteja alikuwa amekaa mgahawani kwa Gaudensia, kwenye ile meza ya chini kabisa inayogusa maji, miguu kaitumbukiza mtoni kwa ajili ya joto, anakunywa chai na maandazi. Akainama kukoroga sukari. Alipoinua uso, maji hakuna. Siyo kwamba yalipungua, anasema Matilda, yaliondoka, kama mtu aliyepigiwa simu arudi nyumbani haraka. Miguu ya yule bwana ikabaki kwenye tope, na kandambili zake zilizokuwa zinaelea pembeni zikatua chini taratibu, moja inaangalia Sumbawanga, nyingine inaangalia Tabora.

Ila kinachomsumbua Matilda siyo mto, ni kambale. Anaapa kwamba kambale mmoja, mnene kama mkono wa mwanaume, alipanda ukingo kwa mapezi yake, akavuka barabara bila haraka, akaipisha bodaboda, akashika njia ya stesheni. Ukimuuliza stesheni kufanya nini, anakushangaa wewe. Huku maji yameisha, treni inavuka mto Ugalla, na Ugalla maji tele. Ulitaka aende kwa miguu? Na siku ile treni ilichelewa, anaongeza Matilda, kana kwamba hilo ndilo linalomaliza ubishi.

Nyanzala aliyasikia hayo asubuhi ya Jumamosi, akiwa uani, mtaa wa Kawajense, anamnyooshea shangazi yake kitenge kwa pasi ya mkaa. Hakubisha. Yeye si mtu wa kubisha. Alisoma mpaka darasa la saba, akachunga ng'ombe wa baba yake kule Kabungu, kisha akaja mjini kwa shangazi kujifunza cherehani, na kote huko alichojifunza zaidi ni kumwacha mtu amalize. Kichwani alikuwa na jambo moja tu. Kwa Gaudensia ndiko walikokuwa wanaenda siku hiyo hiyo, na mto ukiwa mzima ukiwa umekufa, alitaka baba yake aseme neno moja pale kabla jua halijazama.

Neno lenyewe ni "tumewapokea". Likishasemwa na baba wa binti mbele ya mshenga, posa imeingia ndani, mengine ni mazungumzo. Method, kijana wa Kifipa anayepakia mizigo stesheni, alikuwa ameshatuma watu wake mara mbili kulitafuta. Mara ya kwanza mshenga wake, ambaye ni baba yake mdogo Selestine, alipotea njia za Kabungu akaenda kujitambulisha kwenye boma la watu wengine kabisa. Akapokelewa vizuri, akachinjiwa kuku, akarudi mjini akisema mambo safi. Mpaka leo kuna binti wa watu kule anamsubiri Method, na ndugu zake wameshaulizia. Mara ya pili ng'ombe waliingia kwenye mpunga wa mtu kule Mwamkulu, na baba wa binti akashinda huko akiomba radhi.

Hii ilikuwa ya tatu, na mzee Lyamba alishasema hakuna ya nne. Majani yamekwisha, Jumatatu anahama na mifugo, na binti ambaye watu wake hawajapokelewa habaki mjini kama gunia lililosahaulika stesheni. Anahama na ng'ombe. Selestine hakutaka kukanyaga tena Kabungu kwa sababu ya lile boma, na Lyamba hakutaka kuingia nyumba ya Mfipa kabla hajamjua, ndiyo wakakubaliana wakutane katikati, mgahawani, kando ya mto, watu wakae kama wateja.

Walitoka watatu. Mbele Lyamba na fimbo yake na kofia, nyuma shangazi Milembe, ambaye Nyanzala anamwita sengi kwa Kisukuma chao, halafu Nyanzala mwenyewe na kapu la vitumbua.

Kutoka Kawajense mpaka mtoni si mbali, lakini njia fupi inakatiza mtaa wa zamani, zile nyumba za mawe walizojengewa wafanyakazi wa reli na wa mgodi, enzi madini ya risasi yanachimbwa na mji mzima unaamshwa na king'ora. King'ora hakipo siku hizi. Nyumba zipo, zimejipanga mstari mmoja, mabati yameiva kutu, na juu ya milango kuna namba za rangi nyeupe ambazo hakuna anayejua zilianza kuhesabiwa wapi, maana baada ya saba inakuja arobaini na mbili. Pembeni kuna maduka ya Wahindi walioondoka zamani, mwaka umechorwa juu ya mlango wa kila duka, na ndani mtu anauza vocha na dawa ya panya.

Lyamba alikuwa hajawahi kupita mtaa ule kwa miguu. Alisimama mbele ya nyumba ya kwanza, akaitazama kama anavyotazama dume la mtu mnadani, akaugonga ukuta kwa fimbo kusikiliza kama ni jiwe kweli au ni plasta ya kudanganyia watu. Sasa ukigonga nyumba ya mtu, mwenye nyumba anaitika karibu. Na ukikaribishwa utakataaje. Wakaingia, wakapewa maji, wakaulizwa za huko watokako, wakasema nzuri, ng'ombe hawajambo, wakatoka. Lyamba akagonga ya pili. Humo mlikuwa na mzee aliyewaonyesha bawaba ya mlango iliyotoka Uingereza kwa meli, akaufungua na kuufunga mlango mpaka sengi akaanza kusinzia. Kwenye ya tatu walikuta watu wanakula, wakala. Sengi Milembe akamnyang'anya kaka yake fimbo, akamwambia jua linapanda, watu wanatusubiri, unagonga nyumba za watu kama daktari wa vifua. Lyamba akakubali. Nyumba ya nne akaigonga kwa ngumi.

Nyanzala alilitazama tu jua, akatazama mgongo wa baba yake, akajiambia mtu anayechelewa hivi si lazima awe hataki. Labda anaogopa. Baba yake akiogopa anashika vitu.

Mama wa nyumba ya mwisho, kabla ya kuwapa maji, aliwapa pole ya msiba. Wakamuuliza msiba upi. Akasema hata yeye hajui, ila tangu asubuhi ameona mikeka inapita kuelekea mtoni, na sufuria kubwa moja, na yeye mwenyewe ametoa kuni.

Ilivyokuwa ni hivi. Selestine alifika kwa Gaudensia mapema, kavaa koti, kamtanguliza Method mwenye shati jipya ambalo kola yake inamkaba. Wakasubiri. Wakwe hawaonekani. Selestine alikuwa mlinzi wa treni miaka yake yote, na kilichokuwa kinamkera kupita vyote duniani ni kitu kisichofika kwa wakati. Lakini hawezi kumkasirikia Lyamba, kwa sababu Lyamba Msukuma, yeye Mfipa, na kwa walivyokulia wao hao ni watani. Mtani humkasirikii, unamtengenezea utani. Basi akashuka mtoni palipokauka, akatandika mkeka katikati ya mchanga, akakaa na kofia mapajani, akamwambia Gaudensia kwamba mto umefariki, umenywewa na ng'ombe wa Lyamba, na yeye anakaa matanga mpaka muuaji atokee. Ilikuwa utani wa salamu tu. Wangefika saa ile, wangecheka, wangepanda mezani, posa ingeanza.

Hawakufika saa ile, walikuwa nyumba ya pili wanaangalia bawaba. Na mkeka ukishatandikwa chini, na mzee kakaa juu yake kavua kofia, mpita njia haulizi mara mbili. Mwenye bodaboda wa kwanza alizima pikipiki ukingoni, akauliza nani kafariki. Akaambiwa mto. Akasema poleni, akashuka, akakaa. Wa pili alipoona wa kwanza kakaa, hakuuliza kabisa. Wanawake wakaja na mikeka yao wakakaa upande wao. Mtu akaleta sufuria, mtu akaleta maharage, mtu akasema turubai litafutwe. Gaudensia alitoka jikoni kuja kuwaambia huu ni mgahawa, lakini kila alipofungua mdomo mtu alimshika mkono akampa pole, mwisho akaanza kuitika, asante, tumeshapoa. Kwa haki, yeye ndiye aliyefiwa. Tangu Jumanne amekuwa akimwaga ndoo za maji kila asubuhi chini ya ile meza ya mwisho, ili atakayekaa pale asiseme ameahidiwa mto akaukosa.

Kwa hiyo Lyamba alipotokeza ukingoni na watu wake, alikuta mto mkavu umejaa waombolezaji kutoka daraja la treni mpaka kwenye kona ya mianzi, moshi wa maharage unapanda, na katikati yao mshenga Selestine, macho mekundu kwa moshi. Method alikuwa kakaa kando ya baba yake mdogo, mikono magotini. Alimtazama Nyanzala kama mtu anayemwomba radhi kwa jambo ambalo hata yeye haelewi limeanzaje.

Selestine akainua uso. "Mtani, umekuja kuzika au umekuja kuangalia kama kafa vizuri?"

Watu wakaguna. Hapo ndipo ingeishia. Nyanzala alimwona baba yake mdomo unamcheza, akajua anataka kucheka, akaomba moyoni acheke. Kicheko kimoja tu, halafu wapande mezani. Lakini Lyamba alikuwa na mji mzima unamwangalia. Akavua kofia, akamkabidhi dada yake, akachukua fimbo yake, akateremka ukingo, na alipofika mchangani akajitupa chini akalia kwa sauti ya juu, ndugu yangu umeniacha na nani, ndugu yangu Wafipa wamekupiga radi.

Wafipa wanasifika kwa kutuma radi, kwa hiyo dongo lilifika. Halafu wanawake wakaitikia kilio.

Sengi Milembe akashika kichwa. Alimnong'oneza Nyanzala kwamba hao sasa hawatatoka. Utani una sheria yake, na kila mtu pale aliijua: wa kwanza kusema jamani tuache utani, au wa kwanza kununa, au hata wa kwanza kunyanyuka kitako, huyo ameshindwa. Na aliyeshindwa mchana hawezi kukaa jioni kupanga mahari, atapangiwa. Lyamba akishindwa, ataozesha binti kwa idadi ya ng'ombe atakayotajiwa na Wafipa. Selestine akishindwa, atalipa kila atakachotamkiwa, na huko kijiweni kwa wastaafu wa reli hatakanyaga tena. Hivyo wazee wawili wenye akili zao, waliokuja kwa jambo jema, wakakaa kwenye mchanga wakimlilia marehemu ambaye wote wawili walijua yuko milimani anasubiri mvua.

Nyanzala akakaa nyuma ya sengi, upande wa wanawake, kichwa chini kama inavyompasa binti siku ya watu wake. Binti siku hiyo haongei. Anatazama vidole vyake. Nyanzala aliweza kutazama vidole na watu kwa wakati mmoja, ni kazi aliyoizoea.

Kwanza pakafanyika uchunguzi wa kifo. Selestine alisema ng'ombe wa mtani waletwe wote waoneshwe mchanga, atakayeona aibu ndiye. Lyamba akajibu kwamba ng'ombe wake wana adabu, hawanywi mto uliokwisha kunywewa na watengeneza pombe, na kwamba radi ndiyo iulizwe, kwa sababu mto haufi tu hivi hivi wakati umekaa na mteja. Yule bwana wa kandambili akaitwa kutoa ushahidi. Alikuwepo kweli, na alisema alikuwa anakoroga sukari. Akaulizwa ni vijiko vingapi. Akasema hakumbuki. Watu wakatazamana kwa namna ya kuonyesha kwamba hilo nalo litaangaliwa.

Maharage yakapakuliwa. Vitumbua vya Nyanzala, alivyovikaanga alfajiri kwa ajili ya wakwe, vikapita mkono kwa mkono kwa watu asiowajua, na kapu likarudi na mawe mawili ndani, ambayo mtu alidhani ni mchango.

Kisha ukasomwa wasifu wa marehemu. Selestine alisimama kwa magoti, maana kunyanyuka kabisa kungehesabika, akanyoosha sauti ile aliyokuwa akitangazia abiria. Alisema marehemu alizaliwa milimani, tarehe haijulikani kwa sababu wakati huo hakukuwa na zahanati. Alikuja mjini ujanani akiwa anapita tu, kama wengi wetu. Aliajiriwa na wakoloni mgodini kuosha mawe ya risasi, baadaye akahamia reli, akanywesha injini za mvuke mpaka zilipostaafu. Hakupewa kiinua mgongo. Jina lake halisi wazee wanabishania, ila mtaani tulimwita Mto Reli kwa kuwa alipenda kupita chini ya daraja. Hakuwahi kukaa kitako siku hata moja. Ameacha daraja, ameacha vyura ambao familia bado inawahesabu, na ameacha mjane, Gaudensia.

Gaudensia, kijiko cha maharage mkononi, akasema asante.

Watu wengine walikuwa wanalia kweli kufikia hapo. Mzee wa bawaba alikuwa amekuja, akalia zaidi ya wote, akisema alimfahamu marehemu akiwa bado kijana na maji yake meupe.

Lyamba alipopewa nafasi ya kusema neno la shukrani kwa niaba ya washtakiwa, Nyanzala aliinua kichwa kidogo. Jua lilikuwa limeshavuka daraja. Alimtazama baba yake kwa makini, akaona fimbo ameiweka chini lakini mkono unaipapasa, unaiacha, unaipapasa. Akamtazama Selestine, akaona jasho na jicho linalokwenda kwa Method na kurudi. Hapo akaelewa. Wazee wote wawili walikuwa wamechoka, walitaka kunyanyuka, na kila mmoja alikuwa anamwomba mwenzake kimoyomoyo aanze. Wangeweza kukaa hivyo mpaka Jumatatu, na Jumatatu ng'ombe wangekuja kumchukua baba yake hapo hapo mchangani, na yeye pamoja naye.

Ndipo marehemu akaja.

Huko milimani mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku, mjini hakuna aliyejua. Maji yalitokeza kwenye kona ya mianzi polepole, ulimi mmoja wa rangi ya uji wa ulezi, wenye povu na vijiti mbele yake, unaunusa mchanga kama mbwa anayerudi kwao. Ulifika kwenye mkeka wa kwanza wa wanaume ukasimama, kana kwamba unauliza nani kafariki. Kisha ukazunguka ukaendelea.

Hakuna aliyepiga kelele. Kwanza watu walimtazama Selestine, kwa sababu ndiye aliyekuwa na msiba. Selestine aliyatazama maji yakimpita chini ya mapaja. Uso haukumbadilika, huyu mtu aliwahi kutangaza treni imefika salama wakati mabehewa mawili yamebaki njiani.

"Marehemu akae upande wa wanawake," alisema. "Hotuba haijaisha."

Wanawake wakasogea kumpisha. Lyamba naye, ambaye alikuwa katikati ya sentensi, akaimalizia. Akasema kwa niaba ya ng'ombe wote anamshukuru marehemu kwa kufika, wengi wakifa huwa hawaji. Ukaanza ubishi mdogo kati ya wenye bodaboda, kama inafaa kumpa pole mtu kwa msiba wake mwenyewe. Mmoja akasema inafaa, kwa sababu ndiye aliyeumia zaidi. Akayainamia maji, akayapa pole. Maji yakachukua kofia yake.

Sasa maji yalikuwa yanapanda. Hayakuwa na nguvu, yalikuwa na subira, yalipanda kama mtu mzima anayepanda ngazi. Sufuria la maharage likaelea, Gaudensia akalishika sikio. Walioweza kuondoka bila aibu, wale wapita njia na wanawake wenye watoto, waliondoka wakakaa ukingoni, wakaendelea kuomboleza kutoka huko. Mtoni wakabaki wazee wawili na watu wao. Selestine maji yamemfika kiunoni. Lyamba naye kiunoni, kwa kuwa wamekaa, na mkeka wake umeanza kumnyanyua upande mmoja. Method katikati yao, shati jipya limelowa mpaka kwenye ile kola, na sengi Milembe kapandisha kitenge alichonyooshewa asubuhi mpaka magotini, anasali au anatukana, Nyanzala hakusikia vizuri.

Selestine akasema anaona mtani anaelea, hii ni dalili ya mtu mwepesi. Lyamba akajibu kwamba Msukuma haelei, ila mto ndio unaoshuka. Sauti zao zilikuwa zimeanza kutetemeka kwa baridi. Hakuna aliyenyanyuka.

Nyanzala akasimama.

Sengi alimvuta kanga, akamwambia we mtoto, kaa chini, leo siyo siku yako ya kusema. Nyanzala akaitoa mikono ya sengi taratibu, kama anavyotoa kitambaa kwenye sindano ya cherehani kisichanike. Alikuwa ameshalifikiria. Katika wote walioko mtoni, yeye peke yake hakuwa ametania tangu asubuhi, wala kulia, wala kuitikia. Hakuwa na cha kushindwa. Akapita mbele ya Method bila kumtazama, maji yakimgonga magoti, akafika mbele ya baba yake, akapiga magoti kama binti wa Kisukuma anavyomwamkia mzazi, na alipopiga magoti maji yakamfika kiunoni.

Ukingoni wote wakageuka kumtazama. Hata Gaudensia na sufuria lake.

"Baba," alisema, "mimi leo sijatania. Hawa ni watu wangu, nimewaleta mimi. Kijana ni huyu hapa, amelowa. Jumatatu ng'ombe wanahama. Naomba uniambie hapa hapa mbele yao kama nakwenda au nabaki, na naomba jibu lisiwe la utani."

Selestine akafungua mdomo, kwa mazoea, akaufunga. Aliyeulizwa hakuwa yeye.

Lyamba alimtazama binti yake. Nyanzala alimwona akiwaza, na kwa kuwa anamjua, aliona anachokiwaza kama vile kimeandikwa. Akisema tumewapokea, na iwe kweli, yeye ndiye wa kwanza kuacha utani, na Selestine yuko pale anasubiri ahesabu ushindi wake kwa ng'ombe. Akilisema neno hilo hilo kwa sauti ya utani, hakuna atakayejua mpaka Jumatatu kama limesemwa. Akikataa, ni hivyo hivyo, hakuna atakayejua amekataa kweli au anamalizia hotuba.

Mkono wake ukaitafuta fimbo chini, haikuwepo. Ilikuwa imeshafika darajani, inapita chini ya reli, imelala ubavu. Mkono ukarudi mtupu, ukakaa juu ya maji.

"Baba," alisema Nyanzala tena, taratibu, "naomba."

Mkeka wa Lyamba ukang'oka mchangani wenyewe, ukamzungusha kidogo, mpaka akawa anatazama upande wa milima. Nyanzala akasogea kwa magoti, maji kifuani, akazunguka akawa mbele yake tena, akasubiri.